Malungu ya Ufipa na Jina la Sumbawanga

Mtumishi wa serikali anapopata barua ya uhamisho wa kwenda Sumbawanga, aghalabu jamaa zake humpa pole kabla hawajampa heri. Wako wanaomwuliza kwa mzaha kama amekwisha kutafuta kinga. Mzaha huo ni wa siku nyingi, nao umeenea Bara na Pwani, hata wanafunzi wasiopata kuuona Mkoa wa Rukwa hudhani kwamba Ufipa ni nchi ya wachawi, basi. Sisi tuliopata kutumika katika nyanda hizo za juu hatuna nia ya kugombana na watani, maana utani ni mila yetu sote. Lakini mzaha ukirudiwa sana hugeuka kuwa elimu, na elimu ya namna hiyo imewafanya watu wengi wapite Ufipa bila kuona kilichosimama mbele ya macho yao.

Na tuanze na jina lenyewe. Wenyeji hulieleza kwa maneno mawili ya Kifipa: sumba, maana yake tupa, na wanga, maana yake uchawi. Msemaji wa Kiswahili hahitaji mkalimani kwa neno hilo la pili, kwa kuwa sisi nasi twasema mtu anawanga, na kwamba fulani ni mwanga. Jina la mji, basi, ni amri: tupa uchawi wako. Anayeingia anaambiwa autue mzigo huo nje ya mji. Ajabu ni kwamba mgeni hulisikia neno la pili tu, la kwanza humpita, na nchi inayoamuru uchawi utupwe akaiita nchi ya wachawi.

Amri hiyo haikuwa ya maneno matupu. Kuanzia miaka ya 1930 vijiji vya Ufipa vilipitiwa mara kwa mara na kundi la watu walioahidi kuufuta uchawi wote. Chanzo chao kilikuwa Nyasaland, ambayo leo ni Malawi, na jina lao, Mchape au Kamchape, limetokana na neno la huko lenye maana ya kufua na kutakasa. Roy Willis, mtaalamu wa mila aliyekuwa Ufipa akifanya utafiti wake katika miaka ya kwanza ya uhuru, aliishuhudia Kamchape ya 1963 na 1964 na kuiandikia makala mwaka 1968. Wanakijiji walikusanywa, wakachanjwa chale zenye dawa, wakatakiwa watoe nje pembe na hirizi walizozificha, vyote vikarundikwa mahali pamoja. Hatuisifu Kamchape. Mara nyingi aliyenyooshewa kidole alikuwa mzee asiye na mtetezi, na Sheria ya Uchawi ya 1928, ambayo walimu wa uraia hawana budi kuifahamu, ilikataza mtu kumtaja mwenziwe kuwa mchawi kwa sababu ya madhara kama hayo. Tunaitaja ili msomaji aone kwamba Wafipa walikuwa na hamu kubwa ya kuondokana na jambo lile lile wanalochekwa kwalo.

Tatizo la rundo la namna hiyo ni kwamba halina macho. Pembe ya kudhuru na pembe ya kuponya hufanana zikiwa chini. Na Ufipa kulikuwako kikapu kimoja cha dawa ambacho hakikuwa cha kumdhuru mtu wala cha kumponya mtu. Kiliitwa intangala, nacho kilikuwa cha wafua chuma. Ili kukielewa kikapu hicho yatupasa kwanza kutoka mjini na kwenda mashambani.

Uwanda wa Ufipa umeinuka baina ya maziwa mawili. Magharibi ni Ziwa Tanganyika, mashariki ni bonde la Ziwa Rukwa ambalo halina mto wa kulitoa maji yake, na ukingo mkali unaotazama bonde hilo huitwa Lyamba lya Mfipa. Juu ya uwanda huo ni nchi ya majani, baridi na upepo. Miti si mingi, jicho huona mbali. Msafiri anayetoka Tunduma sasa huipita nchi hiyo juu ya lami, mwendo wa kilomita zaidi ya 200 hadi Sumbawanga, naye huona vichuguu vingi kando ya njia. Akishuka na kutembea katika vijiji vya ndani, iwe upande wa Sumbawanga au wa Nkasi, huenda akakuta kichuguu kimoja kisichofanana na vingine. Kimenyooka mno, kipenyo chake kinapungua taratibu kadiri kinavyopanda juu, kina matundu kuzunguka shina lake, na ndani ni kitupu. Hicho si kazi ya mchwa. Ni ilungu, yaani tanuru la kuyeyushia chuma, na yakiwa mengi huitwa malungu. (Tusiyachanganye na Walungu, majirani wa Wafipa upande wa kusini-magharibi, hao ni watu, haya ni matanuru.)

Ilungu kamili hufikia kimo cha mita tatu hivi, kwa hiyo mtu mzima aliyesimama kando yake huona amesimama chini ya nyumba. Lilijengwa kwa udongo mgumu, na udongo wa kichuguu ulipendwa kwa kazi hiyo, kwa kuwa mchwa amekwisha kuuchagua na kuushindilia. Chini liliachiwa mlango mmoja mkubwa na matundu kadhaa madogo, na katika matundu hayo ilipachikwa mirija ya udongo wa kuchoma. Ndani ya tanuru yaliwekwa makaa na mawe yenye chuma kwa zamu. Kisha moto ukawashwa, mlango ukazibwa, na watu wakasubiri.

Hapo ndipo penye ajabu ya kwanza. Katika nchi nyingi za Afrika mfua chuma hawezi kazi bila mivukuto, naye huwaweka vijana waipulize usiku na mchana mpaka mikono ife ganzi. Ilungu la Ufipa halikupulizwa na mtu. Urefu wake ndio uliofanya kazi ya mivukuto. Hewa ya moto ilipopanda na kutoka kileleni, hewa baridi ilivutwa kwa nguvu kupitia mirija ya chini, moto ukazidi, hewa ikavutwa zaidi. Mwalimu wa fizikia anayefundisha habari za hewa moto kupanda juu hana haja ya kuchora bomba la kiwanda cha Ulaya ubaoni ikiwa shule yake iko mahali ambapo wazee walilijenga bomba hilo kwa udongo.

Mwalimu wa kemia naye ana fungu lake. Mawe ya chuma ni chuma kilichoshikana na oksijeni. Makaa yakiungua mahali penye hewa chache hutoa gesi yenye njaa ya oksijeni, nayo huinyang'anya mawe yale. Hakuna haja ya chuma chenyewe kuwa maji. Kinachohitajika ni joto la kadiri ya nyuzi 1,200 za Selsiasi, ambalo huyafanya mawe na takataka kuyeyuka na kuchuruzika, na kukiacha chuma kimeshikana kama bonge lenye matundu. Takataka hizo zikipoa huwa vipande vyeusi, vizito, vyenye kung'aa kama kioo kichafu. Kiswahili kimeviita mavi ya chuma, na wanafunzi hucheka kila wanapolisikia jina hilo, lakini ndivyo vitabu vilivyobaki ardhini vya mambo tunayoyaeleza.

Moto wa ilungu ulichukua siku kadhaa. Hata hivyo bonge lililotoka humo lilikuwa bado chafu, halifai kutengenezwa jembe. Wafipa walikuwa na tanuru la pili, dogo sana, lililoitwa kintengwe, na hilo lilitumia mivukuto. Humo bonge lilivunjwavunjwa na kuchomwa upya, ndipo likaenda kwenye fuawe na nyundo. Ni watu wachache duniani waliogawa kazi ya chuma hivyo, tanuru refu la upepo kwanza na tanuru fupi la mivukuto baadaye, na jambo hili ndilo lililowavuta wataalamu wa mambo ya kale mpaka Ufipa. J.A.R. Wembah-Rashid wa Makumbusho ya Taifa aliandika habari za wafua chuma wa Ufipa mwaka 1969. Baada yake Bertram Mapunda wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alizunguka nchi ya Nkasi kwa miguu akihesabu mabaki, akaonyesha kwamba malungu hayakuwa peke yake. Kulikuwako na matanuru mafupi yaitwayo katukutu upande wa mwambao wa Ziwa Tanganyika, na pia kazi ya mafundi waitwao Barongo. Maana yake ni kwamba nchi hii tunayoidharau ilikuwa na shule tatu za chuma.

Sasa turudi kwenye kikapu. Kazi ya ilungu ilifanywa wakati wa kiangazi, mavuno yakiwa yamekwisha ingia ghalani. Ilihitaji mikono mingi: wa kuchimba mawe, wa kukata miti na kuchoma makaa, wa kufinyanga mirija, wa kujenga. Juu yao alikuwako fundi mkuu mwenye intangala. Humo mlikuwa na dawa za mimea na za wanyama, ambazo nyingine ziliwekwa ndani ya tanuru kabla ya kuwashwa. Ilungu jipya lilisherehekewa kama bibi harusi, likapambwa na kuimbiwa. Baadaye, likiwa limejaa na kuwaka, lilihesabiwa kuwa mama mwenye mimba, na bonge la chuma ndilo mtoto wake. Kwa sababu hiyo wanaume walioshiriki walijitenga na wake zao mpaka kazi ikaisha. Aliyevunja mwiko huo alikuwa kama mume mwenye kumsaliti mke aliye katika uchungu, na chuma kikiharibika kisa chake kilitafutwa hapo kwanza.

Wageni walioona mambo hayo waligawanyika. Wengine walisema ni ushirikina mtupu, kwamba mafundi walijua kazi lakini wakaifunika kwa mazingaombwe. Wengine, hasa siku hizi, wamependa kudai kwamba kila jani la intangala lilikuwa na siri ya kemia. Sisi hatukubaliani na upande wowote. Dawa hazikuyeyusha chuma. Makaa na hewa ndivyo vilivyoyeyusha. Lakini mtu asiye na kipimajoto, ambaye ameweka kazi ya mwezi mzima na msitu mzima wa makaa ndani ya chungu kimoja asichoweza kukichungulia, anahitaji namna ya kuwashika watu arobaini katika utaratibu mmoja bila askari na bila mshahara. Mwiko ulimzuia kijana asitoroke kambini. Wimbo uliwapa wachimbaji mwendo mmoja. Intangala ilimwambia kila mtu ni nani mwenye neno la mwisho siku ambayo moto haukubali. Mwanafunzi akitaka kuiita hiyo dini, na aiite. Akitaka kuiita uongozi wa kazi, haki anayo. Tunachokataa ni kuiita uchawi, kwa kuwa wanga wa Sumbawanga ni ule wa kumwangamiza jirani, na kikapu hiki kilizaa majembe.

Na majembe yalikuwa uhai wa nchi. Mfipa hulima kwa intumba, yaani huyageuza majani pamoja na udongo yakawa matuta makubwa ya mviringo, majani yakaozea ndani na kuwa mbolea. Juu ya matuta hupandwa maharage au mazao mengine, na msimu unaofuata hutawanywa ili pandwe ulezi. Katika nchi ya majani isiyo na miti ya kutosha kuchomwa kwa ajili ya majivu, kilimo hicho kilikuwa jawabu la busara, lakini hakiwezekani kwa kijiti. Kinataka jembe pana la kupasua mizizi ya majani. Kwa hiyo ilungu na intumba ni mambo mawili ya fikira moja, na kuyafundisha katika vipindi viwili tofauti ni hasara.

Historia iliyoandikwa na wapita njia haikuyashughulikia sana mambo haya. David Livingstone alipita Ufipa mwaka 1872, miezi michache kabla ya kifo chake. Joseph Thomson alifika mwaka 1880, akaliona ziwa la mashariki, akalipa jina la Leopold, mfalme wa Ubelgiji ambaye hakupata kunawa mikono katika maji yake. Wajerumani walipojenga boma lao Kasanga, kando ya Ziwa Tanganyika, waliliita Bismarckburg. Majina yote mawili yamekufa, Rukwa na Kasanga yapo. Hata meli kubwa ya vita ya Wajerumani, Graf von Götzen, ilipozamishwa mwaka 1916, ikaibuliwa na kurudi kazini mwaka 1927, ilipewa jina la Liemba, ambalo ni jina la watu wa kusini kwa ziwa hilo.

Wenyeji nao wana historia yao ya mdomo, na sehemu ya kwanza ya historia hiyo haiko mbali. Ni Milansi, ambayo leo huandikwa Milanzi na ni kata ya mji wa Sumbawanga wenyewe. Hapo, chini ya mlima Itwelele, ndipo ulipoanza utawala wa kwanza wa Ufipa. Mwanzilishi wake anaitwa Ntatakwa, yaani asiye na jina, aliyeshuka kutoka mbinguni. Yasimuliwa kwamba siku moja mwene wa Milansi alikuwa mawindoni walipotokea wanawake watatu wageni kutoka kaskazini. Mwene alikuwa amemwonya mke wake asiwape wageni kigoda chake, lakini wageni ni wageni, mama yule akawakaribisha kwa heshima, na mkubwa wao akakikalia. Mwene aliporudi alikuta amekwisha kupoteza nchi bila mkuki kurushwa. Kizazi cha wanawake hao ndicho ukoo wa Watwa (wasichanganywe na wawindaji wafupi wa misitu ya Kongo), ambao baadaye waligawanyika katika tawala mbili, Nkansi na Lyangalile. Mwene wa Milansi hakuuawa wala hakufukuzwa. Aliachiwa eneo lake dogo na heshima ya kuwa mwenye ardhi kwa mambo ya ibada, Watwa wakachukua serikali.

Twapendekeza kwamba darasa lijadili hadithi hiyo bila haraka ya kuuliza kama ilitokea. Nchi iliyojisimulia kwamba ilishindwa kwa ukarimu, na kwamba mshindi na mshindwa waliishi jirani kwa vizazi vingi, imesema jambo zito juu ya fikira zake za utawala.

Si kila mgeni aliyekalia kigoda kwa upole. Katika miaka ya 1840 Wangoni wa Zwangendaba, waliouvuka Mto Zambezi mwaka 1835, walifika Ufipa, na Zwangendaba mwenyewe alifia huko, mahali paitwapo Mapupo. Kifo chake ndicho kilichowatawanya watu wake: wengine wakaenda kaskazini wakaitwa Watuta, wengine wakarudi kusini kuelekea nchi za Malawi na Zambia za leo, wengine Songea. Mwanafunzi wa Songea anayesoma habari za Wangoni hana budi kujua kwamba njia za mababu zake ziligawanyikia Ufipa.

Malungu hayakuzimwa na vita hivyo. Yalizimwa dukani. Majembe ya Ulaya yalikuja kwa bei ndogo, kodi ya mkoloni ikataka fedha, na vijana ambao wangechoma makaa wakaenda kutafuta mshahara katika mashamba ya mkonge na machimbo ya dhahabu ya Lupa. Bila wachoma makaa hakuna ilungu, hata fundi awe hodari namna gani. Ufundi ulidumu kwa muda katika kumbukumbu za wazee, ambao waliwaonyesha watafiti jinsi ulivyofanyika. Na wazee hao hawako tena.

Yamebaki matanuru yenyewe, nayo yana adui wengi. Mvua huyamega kuanzia kileleni, mizizi huyapasua, ng'ombe hujikuna kwayo, na wapo wanaoyachimba wakidhani Wajerumani walificha mali chini yake. Liko na jambo la kisheria ambalo wachache hulifahamu. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 iliweka mwaka 1863 kuwa mpaka: jengo la kabla ya mwaka huo linalindwa kwa umri wake, na la baada yake halina budi kutangazwa na Waziri. Malungu yaliyosimama vizuri zaidi, kwa kawaida, ni yale ya mwisho, yaliyojengwa na babu za watu tunaowajua. Kwa hiyo lililo zima ndilo lenye ulinzi mdogo, na lililokwisha anguka ndilo lenye haki.

Shule za sekondari za Sumbawanga, Nkasi na Kalambo zaweza kufanya kazi ambayo haihitaji fedha. Wanafunzi waende na kamba yenye alama za mita, wapime kimo na mzunguko, wahesabu matundu, waandike mlango mkubwa unatazama wapi, na watafute mawe yalichimbwa shimo gani. Kisha waulize katika nyumba ya karibu ilungu hilo lilikuwa la ukoo upi. Mara nyingi jibu la kwanza litakuwa kwamba ni kitu cha zamani tu. Yafaa wakae, wapokee kiti wanachopewa, waulize juu ya majembe ya bibi zao wala si juu ya matanuru, kwa kuwa jembe hukumbukwa na aliyelishika. Wakirudi wapite shambani. Palipolimwa intumba za mwaka huu wataona vipande vyeusi vimetupwa kandokando ya shamba. Mkulima amechoka kuvigonga kwa jembe lake la dukani.